Nyumba Iliyosema Ndiyo

Kamati ya parokia ilipokaa kutafuta mtu wa kuandika historia ya Gortavella, kikao hakikuchukua hata robo saa. Dympna Scanlan alikuwa kitandani na mafua siku hiyo. Kwa kuwa hakuweza kufika kujitetea, walimchagua kwa kauli moja.

Aliyempelekea habari ni mwenyekiti mwenyewe, Cathal Brogan, mwenye baa na duka la kijiji. Baa na duka hilo viko chumba kimoja, na mtu anaweza kununua misumari na kuagiza bia bila kugeuza shingo.

"Hongera, Mwalimu," Cathal alisema akiwa bado mlangoni, asije akaambukizwa.

"Hongera ya nini? Nimekufa?"

"Umepewa heshima ya kutuandikia kitabu. Ukumbi wetu unatimiza miaka mia mwezi wa Oktoba. Tunataka historia ya kijiji, yote, tangu mwanzo."

"Cathal, nilikufundisha miaka saba. Hukuwahi kushika kitabu ukakimaliza."

"Ndiyo maana nataka kimoja kinachonihusu."

Dympna alikuwa na miaka sitini na sita. Alikuwa amefundisha katika shule ya vyumba viwili mpaka ilipofungwa kwa kukosa watoto, na hata baada ya hapo aliendelea kuwasahihisha watu lugha barabarani, nje ya kanisa, na mara moja makaburini. Aliishi na kaka yake Enda, mfugaji wa ng'ombe, aliyemzidi miaka minne. Hakuna kati yao aliyeoa wala kuolewa. Kijijini walisema marehemu baba yao, mwalimu mkuu mzee Scanlan, aliwaachia wanawe shamba na maneno, Enda akachukua shamba, Dympna akachukua maneno yote.

"Nianzie wapi?" alimuuliza kaka yake jioni ile, mafua yakiwa bado yamemkaba.

Enda alifikiri mpaka chai ikapoa. "Andika mvua ilinyesha. Hapo hutakosea."

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, kwa sababu Gortavella haikuwa imefanya jambo lolote. Hakuna vita iliyopiganwa pale. Majeshi yote yalipita Kilbrannock, maili nne upande wa pili wa mto, maana huko barabara ilikuwa nzuri. Hata mtakatifu aliyeleta imani sehemu zile, kwa mujibu wa wazee, alifika ukingoni mwa mto, akatazama ng'ambo, akasema wale wanaweza kusubiri. Miaka ya njaa kuu pekee ndiyo iliyoingia kila nyumba na kuondoka na nusu ya watu, na hiyo hakuna aliyewahi kuifanyia mzaha. Dympna aliiandika kwanza, kurasa kumi na moja, akaziweka kwenye droo bila kumwonyesha mtu.

Kilichobaki kilikuwa cha kugombaniwa. Mara tu ilipojulikana kwamba Mwalimu anaandika, watu wakaanza kupita kwake na ukweli wao mfukoni. Bibi McGarry alileta keki ya zabibu na habari kwamba kisima cha kijiji kilichimbwa na babu yake. Kesho yake mzee Heneghan alikuja na keki kubwa zaidi na kisima kilekile. Dympna alikula keki zote mbili na kuandika kwamba kisima kipo.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakina ubishi: kuchelewa kwa umeme. Kila mtu wa Gortavella, hata mtoto wa kunyonya, alijua kwamba Kilbrannock walipata taa mwaka hamsini na tatu, na Gortavella mwaka wa sitini, na kwamba miaka saba ile ya giza ililetwa na mtu mmoja, mjane Nonie Tuohey. Karani wa umeme alipita nyumba kwa nyumba, watu wakaandikisha majina yao kwa furaha, akafika kwa Nonie, naye Nonie akakataa katakata nguzo isipite kwake. Basi mpango wote ukafa. Nonie alikuwa amekuja kuolewa akitokea Donegal, mbali kaskazini, alivuta kiko kama mwanamume, na alimjibu kila mtu palepale alipoulizwa. Sifa hizo zilitosha. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

Nonie alikuwa amekufa zamani, lakini mwanawe Fursey alikuwepo, na jina lake la kijiji lilikuwa Mshumaa. Alikuwa na miaka sitini na nne, akitengeneza redio na baiskeli kwenye banda nyuma ya nyumba. Umeme ulipokatika kwa upepo, lazima mtu apige kelele ndani ya baa, "Fursey, hebu mwambie mama yako aturudishie!" Fursey alitabasamu, akanywa bia yake, akaenda nyumbani. Dympna naye alikuwa amecheka utani huo maisha yake yote. Kicheko chake kilikuwa cha chini chini, cha mwalimu, lakini alicheka.

Mwezi wa Mei alipanda basi kwenda Roscommon, kwenye maktaba ya kaunti, kutafuta tarehe kamili ya mambo hayo. Hakutaka watu wa Kilbrannock wamkosoe. Msichana wa maktaba alimletea sanduku la makaratasi yaliyonuka unyevu. Chini kabisa palikuwa na daftari jembamba lenye jalada la kijani, limeandikwa kwa mwandiko safi hata Dympna angempa mwenyewe alama zote. Lilikuwa daftari la karani wa umeme, kiangazi cha mwaka hamsini na tatu, kijiji cha Gortavella. Nyumba thelathini na tatu, kila nyumba na jibu lake, na sababu yake.

Dympna alivaa miwani.

Heneghan. La. Sababu: ng'ombe. Nilimwomba afafanue. Alirudia: ng'ombe.

Bibi McGarry. La. Anaogopa umeme utavuja kwenye matundu ya ukutani usiku na kumwagikia paka.

Ndugu Durkan. Mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema la. Niliwaacha wanashikana mashati. Nimeandika la.

Brogan, mwenye baa. La. Anasema wateja wake wamezoea kuona kidogo, na wakiona zaidi wataanza kuuliza maswali.

Padri. Anasubiri asikie waumini wanasemaje. Waumini watano wanasubiri wasikie padri anasemaje.

Kufikia hapo Dympna alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika, mpaka msichana wa maktaba akaja kumuuliza kama anataka maji. Ukutani kwa Cathal Brogan kulikuwa na picha kubwa ya baba yake akibonyeza swichi ya kwanza ya kijiji, mwaka wa sitini, kifua mbele kama aliyeuvumbua umeme yeye mwenyewe! Dympna alifunua ukurasa mwingine akiwa bado anajifuta machozi, akakutana na jina la ukoo wake.

Mwalimu mkuu Scanlan. La. Alinikaribisha chai na kunieleza kwa saa nzima jinsi umeme unavyofanya kazi. Mkewe anautaka sana. Mwalimu aliniomba nimwambie mkewe kwamba nyumba iko mbali mno na barabara. Nyumba iko barabarani.

Kicheko kilimkatika. Aliisoma mara tatu, kama atapata neno alilolikosea. Mwaka ule yeye alikuwa chuo cha ualimu Dublin, na mama yake alimwandikia barua ndefu: laiti si yule mwanamke wa Donegal, ningekuwa nashona kwa taa ya maana. Mama yake alishona nguo za nusu ya parokia kwenye taa ya chemni, macho yakimfifia kila mwaka. Alikufa mwaka hamsini na tisa, miezi michache kabla nguzo hazijasimikwa. Miaka sita ya mwisho ya maisha yake hakumsalimia Nonie Tuohey hata siku moja, hata kanisani, hata pale walipojikuta benchi moja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nyumba moja tu.

Mjane Tuohey. Ndiyo. Aliuliza kama ningeweza kufunga leo.

Dympna alilipia fotokopi za kurasa zote, akazikunja ndani ya mkoba, akapanda basi. Njia nzima hakumsahihisha mtu.

Enda alikuwa jikoni anamenya viazi. Dympna aliweka karatasi mezani, juu ya maganda.

"Soma."

Enda alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipomaliza aliifuta karatasi maganda, akairudisha.

"Karani alikuwa na mwandiko mzuri," alisema.

"Enda! Ulijua?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na tano, Dympna. Nilikuwa nimekaa pale pale ulipokaa wewe."

"Na baba akamdanganya mama? Baba? Mtu aliyenichapa kwa kusema nimepoteza kalamu, kumbe nimeisahau?"

Enda alichukua kiazi kingine, akakizungusha mkononi. Halafu akazungumza mfululizo, kitu ambacho Dympna alikuwa amekisikia labda mara mbili maishani mwake. "Unakumbuka taa yake ile kubwa, ya kioo cheupe? Ndiyo ilikuwa taa pekee ya maana hapa kijijini. Kila jioni watu ishirini walijaa humu ndani kumsikiliza akisoma gazeti. Anasoma, anaeleza, wanamuuliza, anajibu. Umeme ukija, kila mtu ana taa yake na redio yake. Nani angekuja kumsikiliza? Alikuwa anaogopa, basi. Hakuwa mtu mbaya."

"Na kumsingizia Nonie? Hilo alianzisha nani?"

"Hakuanzisha mtu. Lilianza kama mafua. Kilbrannock walipowasha taa zao, tukawa tunaona mwanga wao mawinguni kila jioni, na wanawake humu majumbani wakaanza kuuliza maswali. Kila mwanamume alidhani ni yeye peke yake aliyesema la. Mmoja akasema labda ni yule mjane. Wote wakaona hilo ni wazo zuri sana."

"Nawe ukanyamaza miaka arobaini na mitano."

"Mimi hunyamaza kila kitu," Enda alisema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Dympna hakulala vizuri kwa wiki moja. Alitamani kulitoa daftari kichwani mwake na kulirudisha kama mtu anavyorudisha kitabu maktaba. Mwishowe, Jumatano moja mvua ikinyesha manyunyu, alivaa koti na kwenda kwa Fursey Tuohey na mkoba wake. Alimkuta bandani, ameipasua redio tumbo.

"Mwalimu! Redio yako imekufa tena?"

"Haijafa. Nimekuletea kitu usome, Fursey. Kaa kwanza."

Fursey alisoma amesimama. Dympna alikuwa amejiandaa kwa machozi, au matusi, na mfukoni alikuwa na leso mbili safi. Fursey alicheka tu, akarudia kwa sauti, "Aliuliza kama ningeweza kufunga leo. Huyo ni mama kabisa! Alimshika yule karani mkono wa shati, akawa hataki kumwachia."

"Kwa hiyo na wewe ulijua."

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

Dympna aliketi mwenyewe, juu ya kreti la matairi. "Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Na bado ni mimi niliyepewa kuandika."

"Ndiyo ilivyo, wewe ulikuwa Dublin unapata elimu."

"Usinitanie. Kwa nini hukusema? Miaka yote hii wanakuita Mshumaa, unatabasamu tu."

Fursey aliweka bisibisi chini. "Nilisema. Mara moja, baa kwa Brogan, nikiwa na miaka ishirini. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Nikaenda nyumbani kumwambia mama nataka twende kwa padri. Mama akaniambia, kaa chini, unataka kutuharibia Krismasi?"

"Krismasi ya nini?"

"Mabata bukini, Mwalimu! Hukujua hilo pia? Kila Krismasi, kuanzia mwaka ule, tuliamka tukakuta bata bukini mlangoni. Hana jina, hana barua. Mwaka hamsini na tano walikuwa sita. Na ule udongo mkavu wa kinamasi tunaouchoma kama kuni, miaka saba hatukuchimba hata kipande, tunaukuta umepangwa ukutani kama umeota. Kila mwanamume wa kijiji hiki alikuja kwa zamu yake kuituliza dhamiri, na wote walijificha wasionane. Mama alikuwa akikaa dirishani na kiko chake, taa amezima, anawahesabu. Kaka yako ndiye aliyekuwa akileta bata wa baba yenu. Alikuwa akiuinamia mlango kabla ya kuondoka, kama yuko kanisani."

Dympna alimfikiria Enda akiuinamia mlango, akashindwa kujua acheke au alie, kwa hiyo alipiga chafya.

"Lakini si yote yalikuwa bata," Fursey aliendelea, sauti imeshuka kidogo. "Mama yako alikuwa rafiki yake kabla. Walikuwa wakibadilishana vipande vya kitambaa. Kunyimwa salamu ndiko kulikomuuma mama. Angeweza kumwambia ukweli wakati wowote, lakini hakutaka kuivunja nyumba ya watu. Alisema, yule ana mume wa kuishi naye, afadhali anikasirikie mimi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Dympna alitazama mikono yake.

"Nataka kuiandika, Fursey. Yote. Lakini ukiniambia nisiandike, sitaandika."

Fursey aliizungusha swichi ya redio iliyokufa. "Andika. Ila usiiandike kama kesi. Iandike kama huyo karani alivyoandika, kila mtu na sababu yake. Sababu zenyewe ni nzuri. Mimi ya Heneghan naipenda sana."

Habari hazikukaa. Kabla ya Jumamosi Cathal Brogan alikuwa jikoni kwa Dympna, na safari hii aliingia mpaka ndani.

"Mwalimu, nasikia umeokota daftari."

"Nimelisoma, Cathal. Kuokota ni kitu kingine."

"Mimi nasema hivi. Historia ni ya kufurahisha watu. Unaandika kisima, unaandika ukumbi, unaandika kijana wetu aliyekwenda Marekani akawa mkubwa wa zimamoto. Mambo ya nani alisema la, nani alisema ndiyo, ya nini? Baba yangu picha yake iko ukutani miaka thelathini na minane!"

"Na itabaki hapo hapo. Kwani si kweli alibonyeza swichi?"

"Alisemaje kwenye hilo daftari? Niambie tu hapa, sisi wawili."

Dympna alimwambia. Cathal aliiva masikio.

"Wataanza kuuliza maswali?" alirudia taratibu. "Alisema hivyo kweli?"

"Neno kwa neno."

"Mzee alikuwa na akili," alisema Cathal, kidogo akitabasamu, kisha akakumbuka alichokuja kufanya. "Lakini Mwalimu, nimewaalika watu wa Kilbrannock! Utasoma mambo haya mbele ya Kilbrannock?"

"Kukusomesha wewe mbele ya mkaguzi wa shule kulikuwa aibu kubwa zaidi, na nilipona."

Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya misa, ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Meza zilikuwa zimelemewa na sandwichi, mikate ya magadi na keki ambazo kila aliyepika alikuwa akizilinda kwa macho. Watu wa Kilbrannock walikuja na basi zima, wakaketi mbele kama wageni rasmi, wametulia kwa ile furaha ya watu wanaojua hawatatajwa. Enda alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia mkononi. Fursey alikuwa amevaa tai.

Dympna alisoma habari ya njaa kuu kwanza, fupi, na watu walisimama bila kuambiwa. Akasoma ya ukumbi. Akasoma ya kisima, na Bibi McGarry na mzee Heneghan wakatazamana kwa chuki mpya. Halafu akasema, "Sasa, umeme," na kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Pole, Fursey!" na ukumbi wote ukacheka.

Dympna alisubiri kicheko kiishe, kama alivyokuwa akisubiri darasani. Akaeleza daftari ni nini na lilipatikana wapi. Kisha akasema, "Nitaanza na nyumba ya baba yangu."

Alisoma bila kutetemeka mpaka alipofika kwenye maneno nyumba iko barabarani. Hapo alivua miwani, akaivaa tena. Vijiko vilikoma kwenye vikombe. Hakuna aliyejua atazame wapi. Dympna aligeuza karatasi, akasoma ya Heneghan.

"Alirudia: ng'ombe."

Kwanza alicheka mjukuu wa Heneghan, kwa sababu nyumbani kwao hilo bado lilikuwa jibu la kila swali. Akafuata mkewe. Kisha ikaja habari ya paka wa McGarry, na ya ndugu Durkan wakishikana mashati, na ukumbi ukalipuka. Watu wakaanza kudai zao. "Soma yetu, Mwalimu! Sisi tulisemaje?" Wengine walikasirika kabisa kuona babu zao wamesema la tu, bila maelezo. "Haiwezekani! Babu alikuwa mtu wa maneno!" Ilipofika ya baba yake, Cathal Brogan alisimama mwenyewe, akaisema kabla Dympna hajaisoma, kwa sauti ya baba yake, mkono kiunoni, akapigiwa makofi hata na Kilbrannock.

Watu walikuwa bado wanajifuta machozi alipoinua karatasi ya mwisho.

"Nyumba ya thelathini na tatu. Mjane Tuohey. Ndiyo. Aliuliza kama ningeweza kufunga leo."

Ilichukua muda kuingia. Dympna aliona ikiingia, uso baada ya uso, safu baada ya safu, kama alivyokuwa akiona hesabu ngumu ikiingia vichwani mwa watoto hawa hawa zamani. Yule aliyepiga kelele "Pole, Fursey" alikuwa anatafuta kitu chini ya kiti chake. Watu wa Gortavella ni hodari wa mengi, lakini kuomba radhi hawajui. Hawajapata kufundishwa, na mwalimu wao naye hakuwa ameweka somo hilo kwenye ratiba.

Fursey alisimama. Alirekebisha tai.

"Karani hakuandika sababu ya mama," alisema. "Wengine wote mmeandikiwa sababu, si haki mama akose. Alikuwa amesikia kwamba ukiweka taa ya umeme kwenye banda, kuku hudhani ni kiangazi, wanataga mpaka Desemba. Hakutaka mwanga wa kusomea wala nini. Alitaka mayai."

Aliketi. Kilichofuata hakikuwa kicheko tu, kilikuwa kitu kama bwawa linapasuka. Mzee Heneghan alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, na Bibi McGarry akampa leso, kisima kikiwa kimesahaulika kwa dakika tano nzima.

Baada ya wageni kupanda basi lao, Dympna alikwenda jikoni mwa ukumbi kutafuta sahani zake. Mlango ulikuwa wazi nusu. Enda alikuwa anaosha vikombe na Fursey anavikausha, wote wameupa mlango mgongo. Walikuwa wanazungumza habari za ndama. Ndama wa Enda walikuwa na kikohozi. Fursey alisema mwaka huu nyasi zimelowa sana. Enda alikubali kwamba zimelowa. Aliosha kikombe kimoja mara mbili.

"Nilijua, Fursey," alisema.

"Najua ulijua. Ulikuwa unauinamia mlango."

"Mliniona?"

"Mama alikuwa akisema, yule ndiye mwenye adabu kuliko wote."

Enda aliweka kikombe, akajifuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha. Fursey aliushika, akiwa bado na kitambaa cha vyombo, kwa hiyo walishikana mikono na kitambaa katikati. Dympna alirudi nyuma polepole, akaziacha sahani.

Kitabu kilichapwa kabla ya Krismasi, nakala mia mbili, zikaisha. Jina la Mshumaa lilikufa bila mtu kutangaza. Siku moja tu lilikuwa halipo. Fursey alianza kufika kwa akina Scanlan kila Alhamisi kunywa chai na kulalamikia mkate wa Dympna, na Enda, ajabu ya Mungu, aliongea. Kuhusu makosa yao, watu wa Gortavella hawakuchukua muda kuyageuza sifa. Kufikia Pasaka baa nzima ilikuwa inasema kwamba hiki ndicho kijiji pekee nchini kilichokaa kikatafakari kwanza, wakati wengine walisaini kama kondoo. Cathal aliuweka ukurasa wa baba yake kwenye fremu, pembeni ya picha, na aliyetaka kuusoma alitakiwa kwanza anunue bia.

Wakati wa masika ulikuja ujumbe wa watu watatu kutoka Kilbrannock, wamevaa vizuri, wamebeba keki. Walimkuta Dympna bustanini anapanda vitunguu. Walisema wamekipenda sana kitabu, na kamati yao imeamua kumwomba Mwalimu awaandikie na wao historia yao.

Dympna alijinyoosha mgongo, akaipokea keki kwa heshima zote.

"Nyinyi mlisema ndiyo siku ya kwanza," aliwaambia. "Sasa hapo mimi nitaandika nini?"